Grafu za IELTS kwa takwimu za Zanzibar: shajara ya mradi

11 Januari 2025: kinachotengenezwa

Bunda la mazoezi sita ya Kazi ya Kwanza katika mtihani wa kuandika wa IELTS Academic (IELTS ni mtihani wa kimataifa wa Kiingereza): grafu kwa mistari, grafu kwa mihimili, grafu kwa duara, jedwali, mchoro wa hatua na ramani. Kila zoezi lina kurasa mbili, moja ya swali na moja ya mwongozo wa kusahihishia. Takwimu na vitu vinavyochorwa ni vya Unguja na Pemba. Anayetaka kunakili kwa ajili ya skuli yake au kikundi chake achukue na abadilishe atakavyo. Wanaofanya IELTS General Training bunda hili haliwahusu, kwa kuwa wao Kazi ya Kwanza yao ni barua.

Sababu ya kutumia vya kwetu ni hii. Mazoezi yanayozunguka mikononi mwa wanafunzi yanazungumzia abiria wa treni na matumizi ya gesi katika nchi ambazo msomaji hajazikanyaga. Mtu akiruka sifuri moja, akaandika abiria 30,000 badala ya 300,000, hakuna kinachomshtua, kwa sababu namba zote mbili kwake ni sawa. Ukimwambia Mjini Magharibi ina watu elfu tisini, atacheka kabla hujamaliza. Mshtuko huo ndio unaotafutwa hapa. Makosa mengi yanayoitwa ya Kiingereza katika kazi hii yameanza kabla ya sentensi ya kwanza: mchoro haukusomwa.

Masharti ya mtihani, kwa wasioyajua: dakika 60 kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na inashauriwa isizidi dakika 20. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili. Kila kazi hupimwa kwa vipengele vinne vyenye uzito sawa: kutimiza kilichoulizwa, mpangilio na muunganiko, msamiati, sarufi. Kwa vigezo vilivyotangazwa hadharani, jibu linalotaja namba moja baada ya nyingine kimashine ni la daraja la 5 katika kipengele cha kwanza. Daraja la 6 linadai angalau jaribio la sentensi ya jumla, yaani inayosema jambo kubwa la mchoro mzima, na la 7 linadai sentensi hiyo iwe wazi. Kwa hiyo kila mchoro utakaoingia katika bunda lazima upite swali moja: je, una jambo kubwa la kusemwa kwa sentensi moja au mbili? Usipokuwa nalo, unatupwa hata ukiwa mzuri vipi.

18 Januari: takwimu

Tumechagua sensa za watu, kwa kuwa zimechapishwa, kila mtu anazifahamu kidogo, na zinaweza kulisha michoro minne kati ya sita. Hizi hapa, kimkoa, sensa ya 2012 kwanza kisha ya 2022:

Mjini Magharibi 593,678, kisha 893,169
Kaskazini Unguja 187,455, kisha 257,290
Kusini Unguja 115,588, kisha 195,873
Kaskazini Pemba 211,732, kisha 272,091
Kusini Pemba 195,116, kisha 271,350

Jumla ya Zanzibar ni 1,303,569 mwaka 2012 na 1,889,773 mwaka 2022. Kabla ya kuchora chochote, jumlisha safu zote mbili mwenyewe. Namba zilizonakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine hupoteza tarakimu njiani, na kosa likishaingia kwenye grafu halionekani tena.

Kwa grafu kwa mistari inahitajika historia ndefu zaidi. Sensa zilizofuata Mapinduzi zilifanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Namba za nyuma tumezikadiria ili zisomeke kwenye mchoro: karibu 355,000, kisha 476,000, 641,000 na 980,000.

1 Februari: grafu kwa mistari, toleo la kwanza limekataliwa

Tazama tena miaka hiyo. Kutoka 1967 hadi 1978 ni miaka 11. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14. Nyingine ni kumi kumi. Programu ya majedwali ukiiambia ichore grafu ya mistari ya kawaida, miaka inaichukulia kama majina tu na kuipanga kwa nafasi zilizolingana. Pengo la miaka 14 linabanwa likawa sawa na la miaka 10, na mstari unasimama wima kuliko haki yake.

Athari yake si ndogo. Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kama 340,000; kati ya 2002 na 2012 waliongezeka kama 323,000. Katika grafu yenye nafasi sawa, kipande cha kwanza kinaonekana kikali kuliko cha pili, na mwanafunzi makini anaandika kwamba ongezeko lilipungua kasi baada ya 2002. Amesoma sawasawa kilichochorwa, ila kilichochorwa ni uongo. Gawanya kwa miaka: 340,000 kwa 14 ni kama 24,000 kwa mwaka, 323,000 kwa 10 ni kama 32,000. Kasi ilipanda. Halafu muongo wa mwisho ukaruka hadi zaidi ya 58,000 kwa mwaka.

Marekebisho: katika programu ileile chagua grafu ya aina ya XY yenye mistari inayounganisha nukta, uandike miaka kama namba, mstari wa chini uanzie 1965 na kuishia 2025, alama kila baada ya miaka kumi. Mstari wa wima uanze sifuri na kuishia milioni 2, alama kila 500,000. Sasa mchoro unasema kweli na una jambo kubwa la kusemwa: idadi ilipanda kipindi chote, na ilipanda kwa kasi inayozidi kukua.

Toleo lililokataliwa hatukulitupa. Limebandikwa nyuma ya mwongozo, wanafunzi waulizwe limekosea wapi. Ni somo zuri la kutazama mstari wa chini kabla ya kutazama mstari wenyewe. Katika mtihani pia miaka hutokea isipishane sawa, na asiyetazama huandika "every ten years" akaharibu aya nzima.

Rasimu za wanafunzi waliojaribu mazoezi zilionyesha kosa jingine linalojirudia kila mahali: mkoa au kisiwa ndicho kinachoongezeka. "Zanzibar increased sharply." Kisiwa hakikupanuka, kilichoongezeka ni idadi ya watu wake. Mwongozo unamtaka msahihishaji apigie mstari kiima cha kila sentensi yenye "rose", "fell" au "increased" na kuuliza: hiki kweli ndicho kilichopimwa kwenye mstari wa wima? Maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa grafu ndiyo yanayotoa kiima sahihi, karibu kila mara.

Na vile vihusishi vidogo, "to", "by", "at", vinavyowatoa watu jasho. Kuvikariri hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuvichora juu ya grafu kwa penseli. "By" ni umbali wa kupanda, mshale wa wima pembeni. "To" ni nukta ya kufikia. "At" ni mahali pa kusimama, mstari mlalo. Mwanafunzi akishachora mshale wa urefu wa 586,000 na nukta kwenye 1,890,000, haandiki tena "increased at 586,000".

8 Februari: grafu kwa mihimili

Fupi. Mikoa mitano, mihimili miwili kila mkoa. Kosa moja tu lakini baya: programu ilianzisha mstari wa wima kwenye 100,000 yenyewe, bila kuulizwa. Mhimili wa Kusini Unguja wa 2012 ukabaki kijiti kifupi, na ule wa 2022 ukaonekana kuwa mrefu mara sita yake. Ukweli ni kwamba watu 195,873 ni kama mara 1.7 ya 115,588. Grafu kwa mihimili ianze sifuri, bila kujadiliana. Grafu kwa mistari ina uhuru kidogo hapo, mihimili haina, kwa sababu jicho linalinganisha urefu wote wa mhimili na si ncha yake tu.

15 Februari: grafu kwa duara, na pesa zilizopotea

Duara mbili, 2012 na 2022, vipande vitano kila moja. Asilimia zilizopatikana: Mjini Magharibi 45.5 kisha 47.3, Kaskazini Unguja 14.4 kisha 13.6, Kusini Unguja 8.9 kisha 10.4, Kaskazini Pemba 16.2 kisha 14.4; Kusini Pemba 15.0 kisha 14.4.

Nakala za kwanza zilitolewa kwa rangi, kurasa 24 kwa shilingi 500, jumla 12,000. Zilipendeza. Zilipokwenda kutolewa kopi za kawaida, kijani, buluu na nyekundu zote ziligeuka kijivu kimoja, na ufunguo haukuwa na maana tena. Usichape duara kwa rangi ikiwa bunda litakwenda kuzaliana kwenye mashine za kopi. Weka mistari ya mshazari, nukta, mistari iliyokingamana, weupe mtupu na weusi mtupu. Bora zaidi, andika jina la mkoa ndani au ubavuni mwa kipande chenyewe, ufunguo uondoke.

Tatizo la pili: jumla. Safu ya 2012 inafika 100.0 kamili. Ya 2022 inafika 100.1, kwa sababu ya kukadiria kila kipande peke yake. Ukikadiria hadi namba nzima inakuwa 99, na Kaskazini Unguja inaonekana kubaki 14 palepale ilhali imeshuka. Tumebakiza desimali moja na kuandika chini ya duara kwamba jumla inaweza kutofautiana na 100 kwa ajili ya makadirio. Wapo wanafunzi watakaojumlisha, na wana haki ya kujua.

La tatu ndilo lililokula muda mwingi kuliko yote, na ndilo sababu duara hizi zinastahili kuwemo. Tazama Kaskazini Pemba: kutoka asilimia 16.2 hadi 14.4. Rasimu nyingi za majaribio ziliandika kwamba watu wa Kaskazini Pemba walipungua. Wamepungua wapi? Walikuwa kama 212,000, wakawa kama 272,000. Kilichopungua ni sehemu yao katika jumla, kwa sababu Unguja ilikua haraka zaidi. Mikoa yote miwili ya Pemba imo katika hali hiyo, na Kaskazini Unguja pia. Mwanafunzi aliyeandika kwamba watu walipungua ana sarufi safi, tahajia safi, na habari ya uongo. Msahihishaji hawezi kumwonea huruma.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa onyo juu ya swali: hizi ni asilimia, si idadi. Halikufanya kazi. Watu hawasomi onyo. Jaribio la pili lilifanya kazi: chini ya kila duara tumeandika jumla, watu milioni 1.30 chini ya ile ya 2012, na watu milioni 1.89 chini ya ile ya 2022, na duara ya pili imechorwa kubwa kidogo. Ukiona duara mbili zisizolingana huwezi kusahau kwamba kipande chembamba cha duara kubwa kinaweza kuzidi kipande kinene cha duara ndogo.

Sentensi iliyowekwa katika mwongozo kama mfano ni hii: "North Pemba's share of the total fell from 16.2% to 14.4%, even though the number of people living there went up." Toleo lisilo na jumla chini ya duara nalo limehifadhiwa kama zoezi la ziada. Humo mwanafunzi haruhusiwi kabisa kuzungumzia idadi, kwa kuwa mchoro haukumpa. Asilimia 14.4 ya nini? Hajui. Aseme sehemu tu, "share" au "proportion", na akae hapo.

Jambo dogo la mwisho kuhusu duara: kushuka kutoka 16.2 hadi 14.4 ni kushuka kwa pointi za asilimia 1.8, si kwa asilimia 1.8. Kiingereza kinazitenganisha, na "fell by 1.8%" ni kosa la hesabu ambalo msomaji mkali hulitambua. Asiyejiamini atumie "from ... to ..." ambayo haina mtego.

22 Februari: jedwali, na balaa la sababu

Jedwali ni namba kumi zile zile za mikoa, safi, zisizokadiriwa. Tulitarajia kazi ya haraka. Ndilo zoezi lililovuja kuliko yote.

Uvujaji wa kwanza unajulikana: kunakili namba zote kumi. Jibu linafika maneno 190 na halina hata wazo moja. Mwongozo unamtaka mwanafunzi azungushie namba kabla ya kuandika. Ya juu kabisa, Mjini Magharibi, karibu nusu ya watu wote. Ya chini kabisa, Kusini Unguja, mara zote mbili. Iliyokua haraka kuliko zote kwa uwiano, nayo ni hiyohiyo Kusini Unguja, kama asilimia 69, dhidi ya asilimia 50 hivi ya Mjini Magharibi na 28 au 29 ya Kaskazini Pemba. Na zinazokaribiana: mikoa miwili ya Pemba ilitofautiana kwa watu 16,000 na zaidi mwaka 2012, na kufikia 2022 tofauti imebaki chini ya elfu moja. Mkoa mdogo kuliko yote ndio uliokua kwa kasi kubwa kuliko yote: hilo peke yake linabeba aya nzima, na halionekani mpaka mtu agawanye. Katika mtihani hakuna kikokotoo, kwa hiyo tunafundisha kugawanya kwa macho. 115 hadi 195 ni nyongeza ya 80, na 80 katika 115 ni zaidi ya theluthi mbili. Inatosha. "By over two thirds" ni Kiingereza kizuri kuliko "by 69.46%".

Uvujaji wa pili hatukuutarajia, na unatokana na uamuzi wenyewe wa kutumia takwimu za kwetu. Kila anayeijua Zanzibar anajua, au anadhani anajua, kwa nini. Kusini Unguja imekua kwa ajili ya mahoteli ya Paje na Jambiani. Mjini Magharibi imejaa kwa sababu watu wanahamia mjini kutafuta kazi, na viwanja vya pembezoni vimejengwa. Karibu kila rasimu ilikuwa na sentensi ya "because". Pengine ni kweli tupu, lakini haimo katika jedwali. Kazi ya Kwanza inataka ripoti ya kilichochorwa. Sababu, maoni na ushauri mahali pake ni insha ya Kazi ya Pili. Mwenye kueleza gesi ya nchi za mbali hana kishawishi hiki, kwa sababu hana la kusema.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kufuta majina: Mkoa A, B, C, D, E. Sababu zilikoma mara moja. Lakini rasimu moja iliandika kwamba Mkoa B ulikuwa na watu 25,729 mwaka 2022, tarakimu moja imedondoka, na waliosahihishana wenyewe kwa wenyewe hawakuiona. Lile tulilolikimbia limerudi. Kwa jina la Kaskazini Unguja, yenye Nungwi, Mkokotoni na Tumbatu, nani angekubali watu elfu ishirini na tano?

Majina yamerudishwa, na badala yake imewekwa kanuni ya kidole. Baada ya kuandika, mwanafunzi anasoma jibu lake kwa sauti, mwenzake ameshika mchoro. Kwa kila sentensi mwenzake aweke kidole pale inapotoka. Kidole kikikosa pa kutua, sentensi inafutwa. Sentensi ya "because" haina pa kutua. "It is clear that tourism..." haina pa kutua. Hata "surprisingly" inaanguka, kwani mshangao haujachorwa popote. Kanuni hii imefanya kazi kuliko maonyo yote, na sasa imeandikwa juu ya kila ukurasa wa mwongozo, sio wa jedwali tu.

8 Machi

Ramadhani. Vipindi vimehamia asubuhi na vimefupishwa. Kazi ya mwezi huu ni kuchora upya tu, hakuna majaribio mapya.

12 Aprili: mchoro wa hatua, karafuu

Msimu haupo, kwa hiyo hatua zimechorwa kwa maelezo ya wakulima wa Pemba na si kwa picha. Mfuatano uliokubaliwa: vikonyo, yaani vishada vya karafuu, vinachumwa wakati karafuu zimeanza kuiva rangi lakini ua halijafunguka; vinapelekwa nyumbani; karafuu zinachambuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vyake; zinaanikwa juani juu ya majamvi au sakafu kwa siku kadhaa, zikigeuzwa mara kwa mara na kuingizwa ndani jioni; zikishakauka zinatiwa kwenye magunia; zinapelekwa kituo cha ununuzi cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ambako zinapimwa ubora na uzito.

Mchoro wa kwanza ulikuwa mstari mmoja wa mishale, na ulikuwa rahisi mno. Majibu yote yalifanana: "first, then, then, after that, finally". Uhai uliingia tulipoongeza tawi. Kwenye hatua ya kuchambua, makonyo hayatupwi. Yanakaushwa kando na kupelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta, kama kile cha Wawi, Chake Chake. Mchoro wenye tawi unamlazimisha mwandishi aamue: afuate karafuu hadi mwisho kisha arudi kwenye makonyo, au azitembeze pamoja? Mwongozo unapendekeza la kwanza. Wanaojaribu la pili hupoteana kwenye viwakilishi, "they" ya tatu haijulikani ni karafuu au makonyo. Sentensi ya jumla nayo inapata nyama: hatua ni sita, zinaanzia mtini na kuishia kwenye mzani, na zinagawanyika kwenye uchambuzi kutoa bidhaa mbili.

Makosa ya rasimu:

Wakati uliopita. Watu wametoka kwenye sensa wakaja na "was" na "were" zao. Mchakato unaojirudia kila msimu unaandikwa kwa wakati uliopo: "the buds are spread on mats". Sensa ilifanyika na kwisha. Karafuu zinaanikwa kila msimu.

Mtendaji asiyehitajika. "The farmer he picks the cloves, the farmer he dries the cloves." Mchoro hauonyeshi mkulima. Hapa kauli ya kutendwa haitumiki kwa kujipamba, inatumika kwa sababu kitu kinachosafiri mchoro mzima ni karafuu, nayo ndiyo inayostahili kuwa kiima. Ila zikifuatana sentensi sita za "are ... -ed" jibu linachosha, kwa hiyo mwongozo unaonyesha jinsi ya kuunganisha mbili: "Once separated, the buds are dried in the sun, while the stems are sent for distillation."

Ujuzi uliozidi. Waliokulia Pemba waliongeza malipo ya wachumaji kwa pishi na karafuu zinavyoharibika zikinyeshewa. Kidole hakikupata pa kutua. Inauma kuzifuta, maana ni maelezo bora kuliko mchoro wetu.

Lebo pia ziliwaponza. Tuliandika "buds" na "stems" tu, na waliojua jina moja, "cloves", walilitumia kwa vyote viwili. Toleo la sasa lina lebo kwenye kila kisanduku, kwa umbo la jina na si la kitenzi: "drying", "sorting", "packing". Mwanafunzi abadilishe mwenyewe kuwa vitenzi, kwani kunakili lebo kama zilivyo hakumpi alama ya msamiati.

26 Aprili: ramani ya Darajani

Ramani mbili za eneo moja, mwishoni mwa karne ya 19 na leo. Ya kwanza ina mkondo wa bahari ukitenganisha Mji Mkongwe upande wa magharibi na Ng'ambo upande wa mashariki, na daraja juu yake. Ya pili haina mkondo. Umefukiwa, ipo barabara kubwa, soko lililojengwa 1904, na mashariki zaidi majumba ya Michenzani.

Toleo la kwanza lilinakiliwa kwa karatasi ya kufuatilishia, kila uchochoro ukiwemo. Halifai. Ramani ya mtihani ina mabadiliko machache yanayohesabika, na Mji Mkongwe una vichochoro visivyo na idadi. Tumefuta hadi zikabaki alama saba, na mipaka imenyooshwa kwa rula.

Tulisahau mshale wa kaskazini, na matokeo yakaonekana papo hapo: majibu yakajaa "on the right side" na "up there". Mshale ulipoongezwa, wakaandika "to the east of". Usidharau alama hiyo moja. Bila hiyo hakuna msamiati wa mahali unaoweza kutumika kwa uhakika.

Wakati wa vitenzi hapa unategemea kichwa cha ramani ya pili. Imeandikwa leo, basi "the creek has been filled in" ni sahihi. Ingeandikwa 1990, ingekuwa "was filled in". Tumetengeneza matoleo yote mawili ya kichwa kwa ramani ileile, ili mwanafunzi aone kwamba kitenzi hubadilika bila mchoro kubadilika. Kuhusu mwaka: soko lina mwaka wake kwenye ramani, vitu vingine havina, na asivipe miaka ya kubuni.

Kosa la kudumu ni kueleza ramani ya kwanza yote, kisha ya pili yote, bila kulinganisha. Tumejaribu jedwali dogo la maandalizi lenye safu tatu, kilichotoka, kilichobaki, kilichoongezwa. Limesaidia zaidi katika safu ya kati, kwa sababu kilichobaki hakuna anayekikumbuka, na sentensi ya jumla inakihitaji.

10 Mei: muda, urefu, gharama

Mgawanyo wa dakika 20 uliodumu: tatu za kusoma mchoro na kuzungushia, mbili za kupanga aya, kumi na mbili za kuandika, tatu za kukagua. Walioanza kuandika dakika ya kwanza walimaliza mapema na wakakosa sentensi ya jumla. Sentensi hiyo tunaiweka aya ya pili, mara baada ya utangulizi, isingoje mwisho. Muda ukikatika, angalau imeshaandikwa. Utangulizi ni sentensi moja inayosema upya swali kwa maneno mengine. Kulinakili swali neno kwa neno ni kupoteza wino. Hitimisho halihitajiki.

Urefu unaofaa ni maneno 160 hadi 190. Kwenye kompyuta idadi ya maneno huonekana kwenye skrini. Kwenye karatasi, hesabu maneno ya mistari mitatu ya mwandiko wako, tafuta wastani wa mstari, basi unajua mistari mingapi inatosha. Ifanyike nyumbani mara moja, si ndani ya chumba cha mtihani.

Gharama kwa mabunda 40, ishirini ya Unguja na ishirini ya Pemba: kopi nyeusi kurasa 480 kwa shilingi 100, 48,000, zile za rangi zilizoharibika, 12,000, manila sita za kutundika ukutani, 6,000, karatasi nne za kufuatilishia, 6,000, kifurushi cha boti kwenda Pemba, 5,000. Jumla shilingi 77,000. Anayenakili aepuke rangi na kufuatilisha, atabaki na 59,000.

Kinachoendelea: mchoro wa pili wa hatua, kilimo cha mwani. Rasimu ipo, kuanzia vigingi na kamba hadi kuanika, lakini hatua ya kufunga mbegu kwenye kamba haisomeki katika kopi nyeusi, kamba na mwani vinachanganyika. Itachorwa upya kwa kuikuza ndani ya duara pembeni ya mchoro, kisha ijaribiwe Pemba kabla ya kuingizwa kwenye bunda.